Mgonjwa wa Siku Zote na Wajibu wa Kazi

Mwezi huu twataka kulifikiri neno moja lililomo katika kila mahali pa kazi, shuleni, hospitalini, dukani, shambani na katika afisi, lakini watu hulisema kwa kunong'ona tu. Mtu aliye na ugonjwa usiopona, ambaye kwa ajili yake hukosa kazini mara kwa mara, je, anawakosea wenzake? Na kama hawakosei, ni nani atakayeuchukua mzigo wa kazi anayoiacha? Haya ni maswali mawili, wala si moja, na machafuko mengi kati ya watu wa kazi hutoka katika kuyachanganya. Yafaa tuyatenge, tukalijibu kila moja mahali pake.

Magonjwa ni ya namna mbili. Yako yajayo kama mgeni: huingia, humlaza mtu, kisha huondoka. Homa ya malaria ni hivyo, na kuhara, na mfupa uliovunjika. Tena yako yakaayo kama mwenye nyumba: ugonjwa wa sukari, pumu, kifafa, shinikizo la damu, selimundu na mengineyo. Haya daktari huyatuliza, ila mengi hawezi kuyaondoa. Basi desturi zetu za kuwahurumia wagonjwa zilifanywa kwa ajili ya namna ile ya kwanza. Mtu akilala, majirani huja, huleta uji, huchota maji, hulisha mbuzi wake. Wazee walisema, Mgonjwa haulizwi uji, maana yake apewe tu. Desturi hiyo ni njema sana. Lakini itazameni inavyokuwa kwa mgonjwa wa namna ya pili. Mara ya kwanza watu kumi huja kumtazama. Mara ya tano huja wawili. Mara ya kumi na mbili hawaji, tena husema, "Leo tena?" Huruma yetu ina pumzi fupi, na ugonjwa wake una pumzi ndefu. Hatukuzoea kumhurumia mtu ambaye hapo kesho ataonekana mzima, na mwezi ujao atalala tena.

Ili tusiseme maneno ya hewani, na tuchukue ugonjwa mmoja, yaani selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Katika mtu asiyekuwa nao chembe nyekundu za damu ni za mviringo, tena laini, nazo hupita katika mishipa myembamba pasipo taabu. Katika mwenye selimundu chembe nyingi hugeuka umbo, zikapindika kama mundu wa kuvunia, zikawa ngumu, zikashikana na kuiziba mishipa. Palipozibwa, damu haifiki, ndipo maumivu makali huja, katika mifupa, kifuani au mgongoni. Daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe hizo mwaka 1910, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwako Afrika tangu zamani sana. Maumivu huamshwa na baridi, na kukosa maji mwilini, na homa, na uchovu mwingi. Pengine huja pasipo sababu ionekanayo. Huenda yakakaa saa chache, huenda yakakaa siku nyingi. Kisha hupungua, na mtu huinuka, huoga, huenda kazini, wala usoni pake hamwoni neno.

Hapo ndipo shida ilipo. Jumatatu alicheka nanyi, Jumanne hakuja, Ijumaa amerudi akitembea vizuri. Aliyevunjika mguu ana shahidi wake, nayo ni gongo lake. Kila mtu amwona. Mgonjwa wa selimundu hana shahidi ila neno lake mwenyewe na karatasi ya daktari. Ndiyo sababu huitwa mvivu na watu ambao hawangethubutu kumwita hivyo mwenye gongo.

Tena kuna jambo katika ugonjwa huu lipasalo kutufikirisha. Mtoto hupata selimundu akiirithi asili yake kwa baba na kwa mama pia. Akiirithi upande mmoja tu, kwa kawaida haugui. Wazazi wawili, ambao kila mmoja wao anayo asili hiyo kwa upande mmoja, katika kila mimba yao kuna nafasi moja katika nne ya kumzaa mtoto mgonjwa. Je, mbona asili yenye hasara hivyo haikutoweka duniani? Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha ya kuwa aliyeirithi upande mmoja hukingwa na malaria kali. Kwa hiyo imeenea hasa katika nchi zilizosumbuliwa sana na malaria, kama pwani yetu na kando ya ziwa Viktoria. Fikirini basi: kinga iliyowaokoa wengi utotoni na ugonjwa unaomtesa mmoja vyatoka katika chanzo kimoja. Huyu mwenye afya amnung'unikiaye mwenzake, labda bibi yake aliokoka kwa asili ile ile. Ngao ilivaliwa na wengi, na bei yake yalipwa na wachache. Si kila ugonjwa ulio na habari kama hii, lakini huu mmoja watosha kutufundisha tusiseme upesi, "Ugonjwa wake ni shauri lake."

Sasa na tulijibu swali la kwanza: je, anawakosea wenzake? Tuweke mfano. Mtu mmoja akaa ng'ambo ya mto, na kazi yake iko ng'ambo ya huku. Masika mto hufurika, wala hapana daraja. Siku ya mafuriko hafiki. Nani atamwita mvivu? Hapana, kwani mto si wake, wala hakuufurisha. Lakini tuseme ajua vema ya kuwa masika yaja, naye hakumwambia mtu, wala hakumwonyesha mwenzake mahali alipoweka funguo na daftari. Hapo amekosa. Hakukosa kwa kutokufika. Alikosa kwa kutokuitengeneza kazi yake mbele ya mafuriko. Basi twaona ya kuwa lawama na wajibu ni vitu viwili. Mtu aweza kuwa hana lawama hata kidogo kwa jambo lililompata, na huku ana wajibu juu ya yale yatakayofuata. Mgonjwa hana deni kwa ajili ya siku alizolala. Deni hilo halikuwapo, wala asijaribu kulilipa. Ana wajibu tu wa kufanya yaliyo katika uwezo wake ili kutokuwapo kwake kusiwe shimo ambalo mwenzake ataanguka ndani yake.

Wajibu huo ni upi? Wa kwanza ni kuutunza mwili wake kadiri awezavyo. Mwenye selimundu na anywe maji ya kutosha, ajifunike wakati wa baridi, asiache kliniki wala dawa. Siku hizi iko dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo kwa wengi hupunguza mara za maumivu. Wa pili ni kutoa habari mapema. Siku za kliniki zajulikana mwezi mzima mbele. Hizo aweza kuzisema na kupangiwa. Siku za maumivu hazijulikani; kwa hizo na atume neno asubuhi, yeye au ndugu yake, wala asingoje kuulizwa. Wa tatu ni kuiacha kazi katika hali ambayo mwingine aweza kuishika: daftari limeandikwa, funguo zina mahali pake, na mmoja wa wenzake ajua yaliyobaki. Mwenye kufanya haya matatu ameutimiza upande wake. Asiyefanya, akasema, "Mimi ni mgonjwa, niacheni," ameutumia ugonjwa kama ukuta wa kujifichia, naye huwaharibia jina wagonjwa wengine wote.

Watu huuliza, Je, apaswa kulitaja jina la ugonjwa wake? Wengine huleta mithali isemayo, Mficha maradhi kilio humfichua. Mithali hiyo ni kweli, lakini yataka kusikiwa vema. Yatuonya tusiwafiche wale wawezao kutusaidia, kwani tukiwaficha hao tutakufa na dawa iko karibu. Haisemi ya kwamba maradhi yatangazwe sokoni. Kwa mganga wake mtu aseme yote. Kwa bwana wa kazi aseme yale yaihusuyo kazi: ya kuwa ana ugonjwa wa kudumu, ya kuwa huenda akakosa siku kadha wa kadha, ya kuwa kazi fulani, kama ya kukesha katika baridi, yamdhuru. Kwa wenzake aseme lile apendalo. Naye bwana wa kazi aliyeambiwa siri ameshika amana ya mtu. Akiitoa katika mazungumzo ya chai ameiba.

Sasa tuje kwa wenzake. Hapa waandishi wengi hupita upesi, huwahimiza watu wawe na huruma, basi. Lakini manung'uniko ya mwenzake nayo yana haki ndani yake, wala si vema kuyaziba. Tumfikiri mwuguzi katika wodi ya usiku. Walikuwa wawili, sasa yu peke yake na wagonjwa thelathini. Asubuhi miguu imemvimba, na nyumbani watoto wangoja. Mwezi ujao ni vivyo hivyo. Huyu akisema, "Nimechoka," hasemi neno baya. Wazee wa pwani walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana kwetu sisi tusiouchukua huonekana mwepesi. Mithali hii yakata pande mbili. Mwenye afya aona maumivu ya mwenziwe ni usufi, na mgonjwa naye aweza kuona uchovu wa yule aliyeshika zamu yake ni usufi. Kila mmoja na amwulize mwenziwe uzito wa mzigo wake kabla ya kuukadiria.

Ila kosa kubwa la mwuguzi yule huwa moja: hasira yake huiangusha mahali pasipo pake. Humchukia aliyelala, wala hamwulizi msimamizi, "Mbona, ukijua ya kuwa mmoja wetu ana ugonjwa wa kudumu, hukuweka mtu wa tatu wa kuitwa?" Mzigo usiogawanywa huanguka juu ya aliye karibu. Na kazi ya kugawanya si ya mgonjwa, wala si ya aliye karibu. Ni ya yule aliye na mamlaka ya kupanga zamu.

Basi twafika kwa bwana wa kazi. Serikali zetu hazikumwacha bila kanuni. Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika muda wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 za pili kwa nusu ya mshahara, mradi mfanya kazi alete cheti cha daktari. Na tupige hesabu. Mtu akikosa siku tatu kila mwezi, katika miezi 36 atakosa siku 108, nazo zimo ndani ya zile 126. Mshahara wake utakuwa kamili hata mwisho wa mwezi wa ishirini na moja. Tangu hapo siku zake za kuugua, zilizobaki 45, zitalipwa nusu. Akikosa siku nne kila mwezi zitakuwa 144, amepita kwa siku 18. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliweka kwa kila miezi 12 siku zisizopungua saba za mshahara kamili na saba za nusu. Mgonjwa wa siku tatu kwa mwezi, asipokuwa na mapatano yaliyo mema zaidi, atakuwa amezimaliza katika mwezi wa tano. Mwenye ugonjwa wa kudumu na aijue hesabu hii kama mkulima ajuavyo debe za mahindi ghalani mwake, ili isimjie ghafula.

Tena Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, uliokubaliwa Geneva mwaka 1982, wasema ya kuwa kutokuwapo kazini kwa muda kwa ajili ya ugonjwa si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Na katika Tanzania kanuni za mwaka 2007 zamwagiza mwajiri, kabla ya kumwondoa mgonjwa, kuchunguza kiini cha ugonjwa na ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi yaweza kupunguzwa au kubadilishwa.

Lakini sheria ni sakafu, wala nyumba haijajengwa bado. Bwana wa kazi na ajiulize, "Nilipomwajiri huyu nilitaka nini kwake?" Ikiwa ni kazi fulani itimizwe, kama hesabu za mwezi, au nguo zishonwe, basi na aitazame kazi iliyotimia katika mwaka mzima, asihesabu viti vitupu tu. Yuko mtu akosaye siku tatu kwa mwezi na hesabu zake ni safi; yuko mwingine asiyekosa hata siku moja, naye hushinda akisoma magazeti. Ikiwa kazi yenyewe ni kuwapo, kama kulinda mlango, au kuendesha gari la abiria, au kushika zamu ya wodi, hapo shida ni ya kweli, wala haiondoki kwa maneno matamu. Pataka mtu wa akiba, au mgonjwa apewe kazi nyingine inayovumilia mapengo. Mwalimu mwenye pumu huenda asiweze vumbi la chaki, lakini aweza kusahihisha mitihani. Sharika nazo, tusisahau, ni mabwana wa kazi: zina wainjilisti, walimu, wauguzi na walinzi. Baraza la wazee lisiwahimize wengine kutenda haya huku lenyewe likimnung'unikia mwinjilisti wake.

Nasikia mtu akisema, "Haya yote ni mema, lakini wako waongo. Wengine hujifanya wagonjwa siku ya mechi." Ni kweli, wako. Basi na tupime makosa mawili. Bwana wa kazi akimsadiki mwongo, amepoteza siku chache za mshahara. Akikataa kumsadiki msema kweli, je, itakuwaje? Mgonjwa, akiogopa kufukuzwa, atakuja kazini na maumivu yameanza, asinywe maji, asipumzike, hata aanguke. Na badala ya siku mbili atalala majuma mawili hospitalini, labda asirudi. Kosa la kwanza hurekebishwa, la pili huenda lisirekebishwe kamwe. Tena mwongo hujulikana kwa muda, kwani uongo una desturi zake: hupenda Jumatatu, na siku ifuatayo siku ya mshahara. Ugonjwa hauna kalenda. Cheti cha daktari kina faida, lakini maumivu yakija usiku wa manane kijijini, zahanati i mbali. Kwa hiyo ni heri mapatano yafanywe mwanzoni mara moja, na barua ya daktari ielezayo ugonjwa wenyewe iwekwe katika faili, kuliko kumfanya mtu ajitetee upya kila mwezi kama mshitakiwa.

Limebaki gumu kuliko yote. Yuko bwana mdogo wa kazi, mwenye duka moja na mfanya kazi mmoja. Huyo mmoja akilala, duka limefungwa, na watoto wa pande zote mbili hawali. Je, tumwambie huyu achukue mzigo ule ule wauchukuao kampuni ya watu elfu? Siwezi kusema hivyo. Akisema kwa unyofu, "Ndugu yangu, sina uwezo," hakutenda dhambi. Dhambi ni kumwita mvivu ili kujifariji. Ila hapo twaona ya kuwa mzigo huu ni mkubwa kuliko mabega ya mtu mmoja, awe mgonjwa au bwana. Ujerumani walilitambua hilo mwaka 1883, walipoweka sheria ya bima ya ugonjwa: wafanya kazi na waajiri walitia fedha katika mfuko mmoja, na aliyeugua alilipwa humo sehemu ya mshahara wake. Nchi nyingi zilifuata kwa njia zao. Kibarua wa kutwa, ambaye asipofanya kazi halipwi, bado hana mfuko wa namna hiyo mahali pengi kwetu. Vyama vya kusaidiana mitaani husaidia kwa msiba na kwa harusi. Ni vigumu kuona kwa nini visiweke pia sanduku la siku za kuugua.

Neno la mwisho ni kwa mgonjwa mwenyewe. Wako wengi ambao adui wao mkuu si bwana wa kazi wala wenzao, ila ni aibu yao wenyewe. Hurudi kazini kabla ya wakati, hujitolea zamu za ziada, hukataa kunywa dawa mbele ya watu, wapate kulilipa lile deni ambalo, kama tulivyosema, halipo. Ndugu, mwenye kujiua ili kulipa deni asilodaiwa hamfaidi mtu. Timiza yale matatu, kisha lala pasipo kuona haya. Kazi ni kitu kikubwa katika maisha ya mtu; humpa chakula, humpa mahali kati ya wenzake. Lakini mtu alikuwako kabla ya kazi yake, na watoto, wazee na wagonjwa wahesabiwa watu pasipo kuulizwa wamefanya nini leo. Na ninyi mlio wazima, jueni ya kuwa ng'ambo ya mto hapako mbali: wengi wetu, tukijaliwa kuzeeka, tutahamia huko. Daraja tutakalolijenga sasa kwa ajili ya mwenzetu, sisi nasi tutalipita.